Otomatiki ya viwandani au uundaji wa programu: kijana wa Lubumbashi achague lipi?

Kila mara matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka, swali lile lile huzunguka katika familia nyingi za Lubumbashi zenye mtoto aliyefanya vizuri katika hisabati, fizikia au umeme. Je, asomee otomatiki ya viwandani, yaani kazi ya kuziwezesha mashine za kiwanda kujiendesha zenyewe, ili siku moja apate kazi katika viwanda vya shaba na kobalti vya Haut-Katanga na Lualaba, au asomee uundaji wa programu za kompyuta, kazi ambayo mjomba wake anaapa kwamba inafanyika popote penye umeme na intaneti? Wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama mshahara, na nadhani hapo ndipo wanapoanza vibaya, kwa kuwa mshahara wa fani moja hutofautiana sana kati ya mwajiri na mwajiri. Kinachozitenganisha kazi hizi kwa kweli ni jambo jingine: ni wapi unaruhusiwa kukosea, kosa lako linamgharimu nani, na ni nani anayeshika ufunguo wa mahali pa kujifunzia. Kutokana na hilo yanafuata mambo mengine karibu yote, yaani masomo, ajira, umri wa ujuzi na hata usingizi wako.

Asili ya karibu, tabia tofauti

Katika kazi zote mbili mtu anaandika maagizo ambayo mashine itayatekeleza bila kuuliza, na katika zote mbili saa nyingi zinaishia kutafuta kwa nini mashine imefanya ulichoandika badala ya ulichokusudia. Ndiyo sababu watu huzichanganya. Lakini zilizaliwa katika mazingira tofauti.

Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilikuwa imechoshwa na makabati ya umeme yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Kila aina mpya ya gari ilipoanza kutengenezwa, mafundi walilazimika kung'oa nyaya na kuziunganisha upya. Kampuni ikatangaza kwamba inataka chombo ambacho mantiki yake inaweza kubadilishwa bila kugusa nyaya, na Dick Morley pamoja na wenzake wa Bedford Associates wakaja na Modicon 084, iliyopewa namba hiyo kwa kuwa ilikuwa mradi wao wa 84. Ili fundi wa umeme asitishwe na lugha ya kompyuta, programu yake iliandikwa kwa mchoro wa ngazi, unaofanana na michoro ya rilei aliyoizoea. Chombo hicho ndicho babu wa kile tunachokiita otomati, na ambacho vitabu vingi hukiandika kwa herufi tatu tu, PLC. Tangu mwaka 1993 kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 kimepanga lugha za kuiprogramu, na mchoro wa ngazi bado umo. Imo pia lugha ya hatua na mipito, jamaa wa karibu wa Grafcet, iliyozaliwa Ufaransa mwaka 1977 na ambayo wanafunzi wa shule zetu zinazofuata mfumo wa Kifaransa huijua kabla ya kuigusa otomati yenyewe.

Otomati hufanya kazi kwa mzunguko usiokoma: inasoma hali ya viingizo vyote, inatekeleza programu kuanzia juu hadi chini, inapeleka matokeo kwenye vitokeo, kisha inarudi mwanzo. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde chache au makumi ya milisekunde, na ukizidi muda uliowekwa, otomati hujisimamisha yenyewe. Programu ya kawaida ya kompyuta au ya simu haina haraka ya namna hiyo. Ikichelewa sekunde mbili, mtumiaji ananung'unika, na mambo yanaishia hapo.

Waya uliokatika

Tuchukue tangi la kuyeyushia madini katika kiwanda cha shaba, lenye kimo cha mita 8. Juu yake kuna kifaa kinachopima kimo cha uji wa madini na asidi, na kifaa hicho kinapeleka kipimo kwenye otomati kwa mkondo wa umeme ulio kati ya miliampea 4 na 20. Miliampea 4 maana yake tangi ni tupu, 20 maana yake limejaa. Kwa hiyo kila miliampea moja ni nusu mita, na ukisoma 12 unajua kwamba uji umefika mita 4. Mwanafunzi huuliza kwa nini wasianzie sifuri, kwani hesabu ingekuwa nyepesi zaidi. Jibu ni kwamba sifuri imeachwa kwa ajili ya hitilafu: waya ukikatwa na koleo la mtu anayechimba, ukiliwa na panya au ukilegea kwenye kiunganishi, mkondo unashuka hadi sifuri, na otomati inaweza kutambua kwamba haisomi tangi tupu, bali haisomi kitu chochote. Kwa desturi wanayoifuata watengenezaji wengi wa vifaa hivi, mkondo ulioshuka hadi miliampea 3.6 au uliopanda hadi 21 huhesabiwa kuwa hitilafu na si kipimo.

Sasa tazama kinachotokea pale aliyeandika programu anaposahau mstari mmoja tu, ule wa kukagua hitilafu hiyo. Waya unakatika. Hesabu inatoa mita 2 chini ya sifuri, programu inaigeuza kuwa sifuri ili skrini isionyeshe namba ya ajabu, na kufumba na kufumbua mfumo mzima unaamini kwamba tangi ni tupu. Pampu inaendelea kujaza. Mwendeshaji aliyeketi katika chumba cha udhibiti anaona tangi tupu linalojazwa, jambo la kawaida kabisa, mpaka mtu aliye nje aite kwa redio kwamba asidi inamwagika juu ya ukingo. Kwa sababu hiyo viwanda vizuri huweka pia swichi ya pili ya kiwango cha juu, inayojitegemea, ambayo huzima pampu bila kusubiri maoni ya programu.

Kosa kama hilo hukamatwa, au hupita, katika siku za ukaguzi kabla kiwanda hakijawashwa. Mtu mmoja anasimama kwenye tangi na kifaa cha kutoa mkondo, mwenzake ameketi mbele ya skrini, na wanawasiliana kwa redio: nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita, ishirini, kisha chomoa waya. Halafu wanahamia ishara inayofuata, na kiwanda kikubwa kina ishara maelfu. Ni kazi ya kuchosha na isiyo na sifa, na sijui shule bora kuliko hiyo. Aliyeipitia anaondoka na ramani ya kiwanda chote kichwani.

Minervali iliyoandikwa mara mbili

Upande wa pili, mchukue kijana anayeitengenezea shule moja ya mjini mfumo wa kupokea minervali, yaani ada ya shule, kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mzazi analipa dola 50. Kampuni ya simu inaitumia seva ya shule taarifa kwamba malipo yamefanyika, kisha inasubiri jibu. Seva inayaandika malipo, lakini mtandao unasuasua na jibu halifiki. Kampuni ya simu, kwa kuwa haikujibiwa, inatuma taarifa ile ile mara ya pili. Ikiwa programu haikagui namba ya muamala, mwanafunzi anaandikiwa dola 100, na mwisho wa mwezi mhasibu anashangaa kwamba daftari lake halilingani na pesa zilizo kwenye akaunti. Dawa inajulikana: hifadhidata iwekewe sharti kwamba namba moja ya muamala haiandikwi mara mbili, na taarifa iliyorudiwa ijibiwe kwa adabu kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Makosa haya mawili ni ndugu, kwani yote yanatokana na kuuamini ujumbe bila kuuhoji. Lakini la pili kijana anaweza kulifanya usiku, chumbani kwake mtaa wa Kenya au Katuba, akazima mtandao makusudi, akatuma taarifa ile ile mara mia, akaharibu hifadhidata nzima na kuijenga upya kabla ya kulala, na hakuna aliyepoteza hata faranga. La kwanza huwezi kulirudia hivyo. Hakuna msimamizi wa zamu atakayemruhusu mgeni akate waya wa tangi lililojaa asidi ili aone kitakachotokea, na akimruhusu, afukuzwe yeye kwanza.

Gharama ya kujifunza

Kwa hiyo uundaji wa programu ni kazi ambayo mlango wake uko wazi, na umati umo ndani. Kompyuta mpakato ya mtumba inatosha kuanzia. Lugha za programu kama Python, PHP na JavaScript, na hifadhidata ya PostgreSQL, havilipiwi, na Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 ili kutunza mabadiliko ya msimbo, ni cha bure vilevile. Kinachogharimu hapa kwetu ni umeme unaokatika na mega zinazokwisha. Starlink ilipewa leseni ya kufanya kazi nchini Mei 2025, na ushindani huo ni jambo jema, ingawa haumsaidii mwanafunzi ambaye hana betri ya kuwasha hata modemu. Nimeona vijana waliojipanga vizuri kwa jambo hili: wanapakua nyaraka na masomo umeme unapokuwepo, kisha wanafanya kazi bila mtandao kwa siku nzima. Otomatiki haikuachii nafasi ya ujanja huo kwa urahisi.

Si kwamba huwezi kuanza otomatiki nyumbani. CODESYS, programu ya kuandikia maagizo ya otomati, hupakuliwa bure, na otomati yake ya kuigiza hukimbia kwenye kompyuta kwa saa mbili, kisha unaiwasha upya. Kwa mazoezi inatosha kabisa. OpenPLC ni ya bure na ya wazi. TIA Portal ya Siemens hukupa siku 21 za majaribio, na baada ya hapo leseni yake si ya mfuko wa mwanafunzi. Kwa vyombo hivyo unaweza kujifunza mantiki, vihesabio, vipima muda na Grafcet hadi uvifanye usingizini. Usichoweza kujifunza ni mengine yote: waya wa ishara uliolazwa karibu na waya wa mota inayoendeshwa kwa variata (kifaa cha kubadili mwendo wa mota), ukaanza kuleta vipimo vinavyorukaruka, kipima asidi kilichofunikwa na tope kikiendelea kuonyesha namba nzuri ileile kutwa nzima, vali ambayo skrini inasema imefungwa huku maji yakipita. Mwigo wa kompyuta hauna tope.

Tena kuna nidhamu ya kuogopa umeme kwa akili, ambayo haisomwi kwenye skrini. Kabla ya kufungua kabati lenye volti 400, chanzo cha umeme kinazimwa, kila fundi anaweka kufuli lake mwenyewe na kibandiko chenye jina lake, halafu anapima kuhakikisha kwamba umeme haupo kweli. Kufuli la mwenzako halikulindi wewe. Anayetoka kwenye programu moja kwa moja huliona jambo hili kama urasimu, na huyo ndiye wa kuchungwa zaidi.

Kwa masomo yenyewe mji wetu haukosi pa kwenda. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha polytechnique kwa anayetaka uhandisi wa umeme au wa mitambo wenye msingi mpana. École Supérieure d'Informatique Salama inajulikana kwa mitandao na programu. Shule za ufundi za mjini zinatoa mafundi wa umeme na elektroniki ambao, kwa maoni yangu, mara nyingi hufika mbali katika otomatiki kuliko wenye shahada wasiowahi kushika bisibisi.

Lakini kizuizi kikubwa ni staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mhandisi wa otomatiki hujifunza mahali ambapo mtu mwingine amekubali aingie, na ruhusa hiyo, tuseme wazi, mara nyingi hupita kwa mjomba, kwa shemeji au kwa mtu wa kanisani. Mwenye alama nzuri asiye na mtu ndani anaweza kuandika barua hadi wino umwishie na asiambulie kitu, au apate staji ambayo anafanyishwa kazi ya kutoa nakala za karatasi ofisini huku kabati la umeme likiwa upande wa pili wa ukuta. Katika uundaji wa programu jambo hilo lipo pia, ila lina njia ya kulizunguka: kazi uliyoifanya inaonekana kwenye skrini ya mtu yeyote, na mteja wa kwanza anaweza kuwa famasia ya mtaani.

Ajira iko wapi, na inategemea nini

Watu wa mjini husema "kufanya kazi mugodini" kana kwamba migodi iko Lubumbashi. Ruashi iko hapa, na mabaki ya kiwanda cha zamani yanayochakatwa chini ya bomba lile la moshi yako hapa, lakini sehemu kubwa ya viwanda vipya iko barabara ya Likasi, Fungurume na Kolwezi, na Kolwezi ni takribani kilomita 300. Maana yake ni maisha ya kambi: majuma kadhaa kazini, siku kadhaa nyumbani, zamu za usiku, na simu inayolia saa nane za usiku kwa sababu kinu kimesimama. Mwenye umri wa miaka 24 hulifurahia jambo hili kwa kuwa chakula na malazi havimgusi. Mwenye watoto watatu hulihesabu kwa namna nyingine, na mama wa watoto hao akiwa ndiye mhandisi, hesabu huwa ngumu zaidi, kwani kambi nyingi zilijengwa kwa kufikiria wanaume. Hata hivyo otomatiki si migodi peke yake. Kiwanda cha bia, viwanda vya unga, vituo vya maji vya REGIDESO na vituo vya umeme vya SNEL vyote vina mota, pampu na vipimo, na mtu aliyeanzia hapo hufika mgodini akiwa amekwisha kuiva.

Ajira hiyo inafuata pia bei ya madini na maamuzi ya serikali. Nchi yetu hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani, na bei ilipoporomoka, serikali ilisimamisha usafirishaji wake nje tarehe 22 Februari 2025, kisha Oktoba mwaka huo ikaweka mfumo wa mgao kwa kila kampuni. Viwanda vinavyoishi kwa shaba viliendelea, ila aliyeajiriwa katika sehemu ya kobalti aliuona upepo ukibadilika. Anayeingia fani hii asichoke kuuliza kiwanda kinauza nini hasa, maana swali hilo linamhusu kuliko aina ya otomati iliyomo kabatini.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu kazi zinazotolewa kwa mkataba katika sekta binafsi imeleta mabadiliko mengine. Inaelekeza kazi hizo kwenye kampuni zenye mtaji wa Wakongo, na hivyo upimaji wa vifaa, ujengaji wa makabati na matengenezo ya variata hufanywa mara nyingi na kampuni ndogo za hapa mjini. Mikataba yao ni mifupi na malipo huchelewa. Lakini kwa kijana asiye na mjomba mgodini, huo ndio mlango ninaoupendekeza kuliko wowote, kwa sababu kampuni hizo hukosa watu wenye mikono na hazina muda wa kumwacha mwanafunzi wa staji akae bure. Jambo jingine, la haraka: viwanda vingi vikubwa vinamilikiwa na kampuni za China, na si ajabu kukuta michoro na skrini kwa Kichina. Mwenye kujifunza maneno mia mbili ya kiwandani katika lugha hiyo hataikosa faida yake.

Muundaji wa programu anabaki mjini, na hilo peke yake lina thamani. Benki, kampuni za simu, hospitali, maghala na idara za fedha za migodi hiyo hiyo zinahitaji programu. Kwa anayetafuta wateja nje, Lubumbashi ina bahati ya saa: mwaka mzima tuko sawa na Johannesburg, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba tuko sawa kabisa na Brussels na Paris. Unajibu ujumbe wa mteja wa Kifaransa wakati wote wawili mko macho, na kwa Kifaransa chake. Ugumu unabaki katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba unashindana na dunia nzima, na dunia nzima ina umeme. La pili ni mteja wa hapa hapa, ambaye hulipia jenereta bila kunung'unika lakini huiona programu kama fadhila ya kijana anayejua kompyuta, kwa kuwa haishikiki.

Na kuna akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kurasa rahisi za wavuti na fomu za kuingiza data, kazi ambazo zamani alipewa mwanafunzi ili ajifunze, mashine inaziandika kwa dakika chache. Sisemi kwamba kazi ya programu imekwisha. Nasema ngazi yake ya chini imepungua, na anayeingia leo lazima aingie akiwa anaielewa hifadhidata, mtandao na usalama, si kunakili tu. Katika otomatiki athari hiyo ni ndogo kwa sasa, kwanza kwa sababu programu nyingi za viwandani zimefungwa ndani ya faili za watengenezaji, pili kwa sababu hata mashine ikiandika mantiki sahihi, bado anatakiwa mtu wa kwenda kwenye tangi kuchomoa waya.

Ujuzi unaozeeka kwa mwendo tofauti

Modbus, lugha ambayo vifaa vya viwandani huzungumza, ilitoka mwaka 1979 na bado utaikuta katika kiwanda kilichofunguliwa juzi. Otomati za S7-300 za Siemens ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, na makabati mengi bado yanaendeshwa nazo, kwa kuwa hakuna meneja anayekisimamisha kiwanda kinachozalisha ili abadilishe kitu kisichoharibika. Linganisha na AngularJS, chombo cha kujengea programu za wavuti, iliyotoka mwaka 2010, ikapendwa na kila mtu, na ikaacha kutunzwa mwisho wa mwaka 2021. Aliyeijua kwa moyo alilazimika kuanza upya.

Wengine huona mabadiliko hayo ya haraka kuwa raha, na tabia hiyo ni kipimo kizuri cha kujichagulia. Otomatiki humlipa mtu anayependa kukijua kitu kimoja kwa undani kwa miaka kumi. Ina hasara yake pia: unaweza kuwa bingwa wa kiwanda kimoja, na kiwanda kikifungwa ukagundua kwamba nusu ya ulichokijua kilikuwa ni majina ya pampu zake.

Kuhama, na kazi iliyo katikati

Ikiwa huna uhakika, zingatia kwamba barabara kati ya fani hizi haina urahisi ule ule pande zote mbili. Mhandisi wa otomatiki anaweza kujifunza Python akiwa kambini, jioni, kwa kompyuta yake, na baada ya mwaka akawa na kitu cha kuonyesha. Muundaji wa programu hawezi kujifunza kiwanda akiwa nyumbani. Kwa sababu hiyo, mbele ya kijana mwenye uwezo sawa katika yote mawili na mwenye mlango wa staji ulio wazi kweli, nashauri aanzie kwenye umeme na otomatiki. Mlango wa programu hautafungwa akiwa huko.

Zaidi ya hapo kuna kazi ya katikati ambayo hapa kwetu watu wake ni wachache: kuzitoa data kutoka kwenye otomati na kuzifikisha kwenye ripoti za uzalishaji, matengenezo na fedha. Anayeifanya lazima ajue OPC UA na MQTT, lugha ambazo vifaa hupeana data kwazo, aelewe hifadhidata, na pia ajue kwa nini kipimo fulani kinadanganya. MQTT yenyewe inaonyesha ujirani huo: ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa, na leo inatumika katika programu za simu ambazo waundaji wake hawajawahi kuliona bomba. Usalama wa mifumo hiyo ni uwanja mwingine. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa mwaka 2010, vilibadilisha kwa siri programu za otomati za Siemens zilizoendesha mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa) za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku skrini za waendeshaji zikionyesha kwamba mambo yote ni shwari. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba otomati haihitaji ulinzi kwa kuwa haiko kwenye intaneti, na bado wapo wanaosema.

Nani aende wapi

Asiye na njia yoyote ya kuingia kiwandani, anayelazimika kupata kipato mapema na asiyeweza kuondoka mjini kwa sababu ya mzazi mgonjwa au watoto, aende kwenye programu bila kujilaumu, ila ajue kwamba mwaka wa kwanza na wa pili atalipwa kidogo au hatalipwa kabisa. Anayependa kelele za mashine, asiyeona aibu kurudi nyumbani na viatu vyeupe kwa chokaa, na aliye na hata ahadi moja ya staji yenye jina na tarehe, achukue otomatiki. Yule anayesema anataka otomatiki lakini ndoto yake ni ofisi yenye kiyoyozi Lubumbashi, amesikia habari za mshahara tu, na mimi humrudisha kwenye programu.

Kabla ya kulipa ada, mzazi na mtoto waende pamoja kwenye taasisi wanayoifikiria, si kwa katibu wa usajili bali maabara. Kwa otomatiki, waombe kuonyeshwa otomati zilizopo, wahesabu ni wanafunzi wangapi wanaogawana kila moja, na waulize kama mwanafunzi huunganisha nyaya kwa mkono wake au hutazama mwalimu akiunganisha. Waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, si mwalimu, ni wangapi kati yao walikwenda staji na walifanya nini huko. Kwa programu, waombe kuona kazi za wanafunzi wa mwaka jana zikifanya kazi kwenye skrini, na waulize nani anazitumia leo.